Jumanne wa Leicester

"Na jina la ukoo, tuandike lipi?"

Aliyeuliza ni mama wa Kiingereza wa makamo, katika chumba kidogo cha kuandikishia vizazi hapa Leicester. Binti yetu alikuwa na siku 19, amelala fofofo kwenye kikapu chake, na mke wangu alikuwa bado anakaa kwa kujiangalia. Yule mama alikuwa mpole sana. Alikwisha kuandika tarehe, mahali pa kuzaliwa, jina la mtoto. Ilibaki nafasi moja tu, nami nikababaika kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni ghafla.

Kwetu Dar es Salaam swali hilo halimkoseshi mtu usingizi. Mtoto hupewa jina lake, likafuata la baba yake, likafuata la babu yake, basi. Mama habadili jina akiolewa. Nyumba moja inaweza kuwa na majina matatu ya mwisho na hakuna anayeona ajabu. Mimi nina jina langu, la baba, na la mwisho ni la babu, Jumanne. Alizaliwa siku ya Jumanne akaitwa Jumanne, kama wengine walivyoitwa Juma na Hamisi kwa siku waliyokuja duniani. Nilipotengeneza pasipoti, la mwisho ndilo lililoingia kwenye mstari wa ubini, na tangu nishuke Uingereza kila anayeniita kwa heshima ananiita Bwana Jumanne. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikiitwa hivyo namkumbuka mzee mwenyewe, na kofia yake, na baiskeli yake.

Sasa nikiandika Jumanne pale, binti yangu atabeba jina la baba wa babu yake. Watoto wa kaka yangu, walioko Ilala, majina yao yanaishia kwa baba yetu. Watoto wa ndugu wawili, tumbo moja, na karatasini hawajuani.

Sheria ya hapa inampa mzazi siku 42 za kuandikisha. Tukaomba kurudi wiki inayofuata. Usiku ule, mtoto akiwa begani, nikaanza kusoma habari za majina ya Waingereza, yalianzaje na yalisambaaje, na nikashindwa kuacha.

Nilianza na jina ninaloliona kila siku. Katika kampasi ya chuo kikuu cha hapa kuna jengo la ghorofa 18, linaonekana kutoka bustani ya Victoria Park ninapopita nikienda kazini. Linaitwa Attenborough Tower. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanalijua jina hilo kwa sababu ya Sir David Attenborough, mzee wa filamu za wanyama, yule aliyepigwa picha mwaka 1978 akiwa amekaa katikati ya sokwe wa milimani kule Rwanda. Lakini jengo hili limepewa jina la baba yake, Frederick Attenborough, aliyekiongoza chuo hiki kuanzia 1932 hadi 1951, kilipokuwa bado kichanga. David na kaka yake Richard, yule mwigizaji na mwongozaji wa filamu, walikulia humu humu chuoni.

Attenborough ni jina adimu. Mtu anaweza kuishi Uingereza miaka mingi asikutane na hata mmoja mtaani. Na kama majina mengi adimu ya hapa, lina kijiji chake. Kijiji cha Attenborough kiko kandokando ya mto Trent, katika Nottinghamshire, mwendo mfupi wa treni kutoka Leicester. Katika Kiingereza cha kale maana yake ni boma la Adda, mtu ambaye jina lake tu ndilo lililobaki. Neno lenyewe ni "burh", mahali palipozungushiwa ngome au ua, na sijaona neno la Kiswahili linalolitoshea vizuri kuliko boma.

Jumamosi moja nilikwenda. Nilitaka kuona. Treni ilisimama kwenye kituo kidogo, watu wawili tukashuka, na mbele yangu kukawa na kibao chenye lile jina kwa herufi kubwa, kana kwamba ndilo la mwenye nyumba. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi kanisa la Mtakatifu Maria, kanisa la mawe lenye mnara uliochongoka, ambamo mwaka 1611 alibatizwa Henry Ireton, jenerali aliyekuja kuwa mkwe wa Oliver Cromwell. Nyuma ya kanisa yanaanza maji. Palikuwa machimbo ya kokoto. Mashimo yakajaa maji, maji yakaleta ndege, na mwaka 1966 pakafunguliwa kuwa hifadhi. Aliyekuja kuifungua ni David Attenborough. Nilisimama kwenye njia ya changarawe, bata wamejipanga ukingoni, upepo unauma masikio, nikawaza habari ya mtu kufungua hifadhi katika kijiji kilichompa jina, yeye ambaye hakuzaliwa hapo.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kitabuni lilikuwa limenipita. Jina la mahali hapewi aliyebaki. Katika kijiji cha Attenborough kila mtu alikuwa wa Attenborough, kwa hiyo kumwita mtu hivyo kusingemtofautisha na jirani yake. Jina lilianza kufanya kazi mtu alipoondoka, akahamia kijiji cha pili au cha tatu, na wenyeji wakamuuliza, wewe wa wapi? Sisi tunalijua hilo vizuri. Hakuna anayeitwa Mngazija akiwa Ngazija. Anaitwa Mngazija akifika Unguja. Mbarawa aliitwa hivyo Lamu na Mombasa, si Barawa. Jina la namna hiyo ni alama ya safari, hata kama safari yenyewe ilikuwa ya saa mbili kwa miguu.

Na safari ya Attenborough ilikuwa fupi kweli. Frederick, baba yake David, alizaliwa mwaka 1887 huko Stapleford. Kutoka Stapleford hadi kijiji cha Attenborough unakwenda kwa baiskeli na kurudi kabla chai haijapoa. Miaka mia kadhaa, na ukoo ulikuwa bado unauzunguka mto ule ule. Wengine walifika London, ambako katika karne ya 19 jina hilo lilijulikana kwa maduka ya rehani, lakini mizizi ilibaki kwenye wilaya zile zile za kati ya nchi. Wanaochora ramani za majina hupenda kutumia sensa ya 1881, na ukiziangalia ramani hizo unaona majina adimu yalivyoshikamana na ardhi: jina hili limejaa kwenye bonde moja, lile kwenye tarafa moja ya pwani, na kwingine kote patupu.

Mfumo wenyewe wa ubini wa kurithi si wa tangu na tangu. Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mtu wa kawaida alikuwa na jina moja. Wenye ardhi ndio waliotangulia kurithishana majina, maana shamba na jina vilikwenda pamoja, na baada yao wakafuata watu wa chini, pole pole, hadi kufikia mwaka 1400 hivi Waingereza wengi walikuwa nalo. Makarani wa kodi walichangia sana. Orodha za kodi ya kichwa za mwaka 1379 kutoka Yorkshire zimejaa watu walioandikwa kwa kazi zao, kwa vijito walivyokaa kando yake, kwa baba zao. Wengine waliitwa wana wa fulani tu, na huo ndio ubini hasa. Johnson ni bin John, hakuna tofauti. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, akaamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Mwaka 1837 serikali ikaanza kuandikisha vizazi na vifo. Kila karani aliyeuliza swali lile nililoulizwa mimi alikuwa anakifunga kitu ambacho awali kilikuwa kinaelea.

Sasa nije kwenye lile lililonikosesha usingizi hasa.

Chuo hiki hiki cha Leicester ndicho ambako, tarehe 10 Septemba 1984, Alec Jeffreys aligundua kwamba vinasaba (DNA) vya kila mtu vina alama zake, kama za vidole. Kesi ya kwanza kabisa kutumia ugunduzi huo haikuwa ya mwizi wala muuaji. Ilikuwa ya mtoto wa familia ya Kighana, mwaka 1985. Kijana alirudi Uingereza kutoka Ghana, maafisa wakaitilia shaka pasipoti yake, wakasema huyu si mtoto wa mama huyu. Makaratasi hayakutosha. Damu ikapimwa, ikaonekana ni mtoto wake wa kumzaa, akaruhusiwa kubaki na mama yake. Kwa sisi tunaoishi na mafaili ya uhamiaji, kisa hicho si historia ya mbali.

Miaka ilivyopita, watafiti wengine wa chuoni hapo, Turi King na Mark Jobling, wakauliza swali jingine. Kromosomu Y, fungu la vinasaba walilo nalo wanaume, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake. Ubini wa Kiingereza nao hupita njia hiyo hiyo. Je, watu wenye jina moja, wasiojuana kabisa, wana kromosomu Y moja? Wakakusanya sampuli za wanaume 1,678 wenye majina 40, na matokeo yakatoka mwaka 2009. Kwa Smith, yaani mhunzi, hawakukuta undugu wowote wa kutajika, na haishangazi, kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Lakini jina lilivyozidi kuwa adimu, ndivyo undugu ulivyozidi kujitokeza. Kwa Attenborough, karibu wanaume tisa kati ya kumi walikuwa na kromosomu Y ya aina moja, wawe wanaliandika Attenborough, Attenborrow au vinginevyo. Makarani waliliandika walivyolisikia, kama wetu wanavyoandika Mohamedi, Mohammed na Muhammad kwa watoto wa baba mmoja.

Tisa kati ya kumi. Maana yake ni kwamba zamani za kodi zile kulikuwa na mwanamume mmoja aliyetoka kwenye boma la Adda, na karibu wote wenye jina hilo leo ni watoto wake. Huenda walikuwapo wengine walioitwa hivyo. Jamii zao zilikatika. Tauni ya mwaka 1348 na 1349 peke yake iliua Waingereza kati ya theluthi na nusu. Na hata bila tauni, jina linaweza kufa kwa utulivu kabisa: baba anapata mabinti watupu, au mwana wake anafia baharini, na imekwisha. Mwaka 1873 mwanasayansi Mwingereza, Francis Galton, aliuliza hadharani, kwa nini koo zenye majina makubwa zinatoweka? Aliyemjibu kwa hesabu ni kasisi mmoja, Henry William Watson, na mwaka uliofuata wakachapisha pamoja. Hesabu yao inasema jina linaloanza na mtu mmoja lina uwezekano mkubwa wa kufutika kwa bahati tu, bila mtu yeyote kukosea. Yanayobaki ndiyo tunayoyaona. Nilisoma hayo nikiwa nimembeba binti, mtoto wetu wa kwanza na hadi leo wa pekee.

Na yule mmoja kati ya kumi ambaye kromosomu yake ni nyingine? Huyo naye ni Attenborough kamili. Pengine kuna mtoto aliyelelewa na mjomba, au mjane aliyeolewa tena na watoto wakachukua jina la baba wa kambo, au binti aliyezalia nyumbani kwao akampa mtoto jina la babu yake. Wataalamu walikadiria kwamba katika kila kizazi mnyororo wa baba na jina hukatika kwa kiasi cha kati ya asilimia 1 na 4 na nusu. Ni kidogo. Ila vizazi 20 ni vingi. Wazee wetu walilikata shauri hili mapema na kwa maneno machache: kitanda hakizai haramu.

Hata wafalme. Mwaka 2012, hapa Leicester, chini ya maegesho ya magari, ilifukuliwa mifupa ya Richard III, aliyeuawa vitani mwaka 1485. Turi King ndiye aliyeongoza upimaji wa vinasaba. Upande wa wanawake ulioana na wa ndugu walio hai, hivyo hakuna shaka kwamba ndiye. Lakini kromosomu Y yake haikuoana na ya wanaume watano wa ukoo wa Somerset, ambao kwa shajara rasmi ya nasaba wanatoka kwenye nyumba moja ya kifalme na yeye. Mahali fulani, kati ya karne ya 14 na leo, baba wa kwenye karatasi hakuwa baba wa kwenye damu. Kibaya zaidi kwa wapenda shajara, hata kati ya wale watano, mmoja hakufanana na wenzake wanne.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari nimeacha kutafuta jibu la fomu. Nilikuwa natafuta Sykes.

Mtu wa Dar es Salaam hawezi kusoma habari za ubini wa Kiingereza asifike kwa Sykes. Kwetu ni jina la Gerezani na Kariakoo. Ni jina la Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929 na katibu wake. Ni jina la wanawe, Abdulwahid, aliyepigana Burma na akaongoza TAA (Tanganyika African Association) kabla ya Nyerere, na Ally, aliyekuwa na kadi namba 2 ya TANU mwaka 1954. Vijana wamelijua kwa Dully Sykes na muziki wake. Nilikua nikidhani ni jina letu, na ni letu.

Huku Yorkshire, "sike" ni kijito chembamba, aghalabu kwenye ardhi ya majimaji, ambacho mara nyingi kiliwekwa kuwa mpaka wa mashamba. Aliyejenga kando yake akaitwa Sykes. Jina hili si adimu, ila limejazana Yorkshire kuliko kwingine, na lilikuwa la kwanza kupimwa kwa namna niliyoeleza. Bryan Sykes, profesa wa vinasaba wa Oxford, alipima wanaume 48 wa jina lake na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Vijito viko kila mahali Yorkshire, kwa hiyo ilitarajiwa koo nyingi zisizohusiana. Badala yake karibu asilimia 44 walikuwa na kromosomu Y moja. Baba mmoja, kando ya kijito kimoja.

Sykes wetu alikuja kwa njia nyingine. Sykes Mbuwane alikuwa Mzulu kutoka Inhambane, Msumbiji, aliyeandikishwa mwaka 1889 na Hermann von Wissmann kuja kuwapigania Wajerumani dhidi ya Abushiri na wenzake wa pwani. Mwanawe akaitwa Kleist, jina la Kijerumani. Angalia jambo hili: jina la kijito cha Yorkshire juu ya askari wa Kizulu, jina la Kijerumani juu ya mwanawe, na mjukuu wa askari yule, Abdulwahid, ndiye aliyewafungulia mlango watu waliowaondoa wakoloni. Daisy Sykes Buruku, binti wa Abdulwahid, aliandika maisha ya babu yake Kleist, nayo yakachapishwa mwaka 1973. Hakuna aliyehitaji kupima damu ya ukoo huo kujua ni wa wapi. Dar es Salaam ina mtaa wa Kleist Sykes.

Sasa geuza upande wa pili.

Mwaka 2007, kabla ya ule utafiti wa majina 40 kuchapishwa, wale wale wa Leicester walitoa makala nyingine fupi. Katika upimaji wao walikutana na mwanamume Mwingereza, mweupe kama majirani zake, asiye na habari yoyote ya Afrika katika ukoo wake, mwenye kromosomu Y ya kundi A1. Kundi hilo ni la tawi la kale kuliko yote yaliyokuwa yakijulikana wakati huo, na hadi siku hiyo lilikuwa limeonekana kwa watu wapatao 25 tu, wote wenye asili ya Afrika. Ulinganisho ulionyesha Afrika Magharibi. Mtu huyo alikuwa na jina adimu la Yorkshire ya mashariki. Wakawatafuta wanaume wengine wa jina hilo, wakapata jumla ya 18. Saba walikuwa na kromosomu ile ile.

Wakafuatilia madaftari ya parokia na ya serikali. Wale saba wakaangukia katika matawi mawili, na babu wa kila tawi aliishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Vinasaba vyenyewe vilionyesha kuwa matawi hayo yanakutana vizazi vichache nyuma ya hapo. Yaani Mwafrika, au mwana wa Mwafrika, au mjukuu, alikuwa tayari ni mtu wa Yorkshire mwenye jina la Yorkshire kabla madaftari hayajaweza kumwonyesha. Huenda alikuja enzi ya biashara ya utumwa. Huenda asili yake ni ya mbali zaidi, kwa sababu Waafrika hawakukosekana kisiwani humu: katika karne ya tatu kikosi cha Wamoro kutoka Afrika Kaskazini, katika jeshi la Warumi, kililinda ukuta wa Hadrian, pale panapoitwa leo Burgh by Sands, na mwaka 1511 John Blanke, mpiga tarumbeta mweusi, alikuwa kwenye sherehe za Henry VIII, na picha yake ipo.

Kama unashangaa inakuwaje wanaonekana weupe, hesabu ni nyepesi. Vizazi kumi nyuma kila mmoja wetu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y inatoka kwa mmoja tu kati yao. Rangi, nywele, pua, vyote vimeshayeyuka katika wale 1,023. Kimebaki kile kijiti kidogo, baba hadi mwana, baba hadi mwana, kando ya jina.

Watafiti walikataa kulitaja jina hilo katika makala yao, kwa kuwahifadhi wenyewe. Nami naliacha hivyo. Lakini tangu nilisome, nimekuwa nikiwatazama wazee wa Kiingereza kwenye foleni ya sokoni kwa macho mengine. Sykes wa Gerezani ana jina la Yorkshire na damu ya kusini mwa Afrika. Mzee fulani wa Yorkshire ana jina la huko na ndani yake amebeba Afrika Magharibi. Wote wawili wako kwao.

Jumapili nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mjukuu wangu hajambo?"

Nikamweleza habari ya fomu. Nilidhani atasema liandikwe jina la baba, marehemu mumewe. Akanyamaza kidogo, nikasikia redio yake nyuma na sauti ya mtu anauza mkaa nje.

"Sisi Jumanne tunaye," akasema. "Yule wa kaka yako, wa mwisho. Tulimrudishia jina babu yenu, si unakumbuka?"

Nilikuwa nimesahau. Mtoto wa nne wa kaka yangu tunamwita Babu tangu alipozaliwa, na jina lake la kweli ni Jumanne, hata kama alizaliwa Alhamisi. Kwetu jina haliendi moja kwa moja kama reli. Linaondoka na mtu, likapotea kwenye vyeti baada ya vizazi viwili, kisha linarudi mlangoni na mjukuu au kitukuu, likapokewa.

"Basi na huyo wa kwako mwandike Jumanne," mama akasema. "Akija huku atamkuta mwenzake."

Tulirudi siku ya 27. Mama yule yule, chumba kile kile. Nikamwambia jina, nikalitaja kwa herufi moja moja, yeye akaliandika bila kosa. Akaniuliza lina maana gani, nikamwambia ni siku ya pili baada ya Jumapili. Akatabasamu, akasema nchi hii ina watu wanaoitwa Monday na Friday, lakini Jumanne ndiyo kwanza analiandika.

Akanipa kalamu ya wino nitie sahihi. Wino wa madaftari haya ni maalumu. Ukiandika unakuwa wa buluu iliyopauka, karibu unadhani kalamu inakauka, halafu unazidi kukolea kadiri unavyokaa hewani. Nilitia sahihi, nikampa mke wangu, naye akatia yake. Tulipokuwa tunamvalisha mtoto kofia niliutupia jicho ule ukurasa kwa mara ya mwisho. Jumanne wa juu, wa mtoto, ulikuwa umeanza kuwa mweusi.